Kununua Kusikoruhusu Kuazima

Miongoni mwa wanafunzi wenye mashine za gemu umeenea utaratibu ambao wazazi wao hawaujui, wahadhiri wao hawauzungumzii, na wanasheria wetu, kwa kadiri ninavyoona, hawajaupa uzito. Marafiki wawili, kila mmoja akiwa na PlayStation au Xbox yake, hukubaliana kununua gemu kwa zamu: mwezi huu anatoa fedha mmoja, mwezi ujao mwenzake. Kisha kila mmoja huingiza akaunti yake katika mashine ya mwenzake na kuitangaza mashine hiyo kuwa ndiyo makazi ya akaunti. Kwa kanuni za kampuni hizi, gemu iliyonunuliwa huweza kuchezwa na mtu yeyote anayetumia mashine iliyo makazi ya akaunti ya mnunuzi. Mnunuzi naye huweza kuicheza katika mashine nyingine aliyoingia kwa jina lake, mradi awe na intaneti. Marafiki wakibadilishana makazi, kila mmoja hupata maktaba mbili kwa gharama ya moja.

Sababu haihitaji utafiti. Kuanzia 2020 bei ya gemu kubwa mpya ilianza kupanda kutoka dola 60 za Marekani hadi 70, na mwaka 2025 Nintendo ikaiuza Mario Kart World kwa dola 80. Dola 70 ni zaidi ya shilingi 150,000 za Tanzania. Mwanafunzi anayepokea fedha ya chakula na malazi ya shilingi 10,000 kwa siku, ile waliyoibatiza bumu, atakaa nusu mwezi bila kula ili anunue gemu moja. Bado hatujahesabu bando la kupakua gigabaiti mia moja.

Nimewasikia watu wazima wakilijadili jambo hili, mmoja akiliita wizi, mwingine akiliita ujanja wa mjini. Naona wote wawili wamelikosa. Kinachofanyika pale, kwa sehemu kubwa, ni kuazimana, tendo kongwe kuliko sheria yoyote ya biashara, ambalo limelazimika kupitia mlango wa nyuma kwa sababu wa mbele umefungwa. Ninachotaka kukijadili ni nani aliyeufunga mlango wa mbele, na kwa idhini ya nani.

Kiswahili hakichanganyi kuazima na kukopa. Unamwazima jirani jembe, naye anakurudishia jembe lile lile. Unamkopesha unga, anakurudishia unga mwingine. Mafakihi wa pwani huliita tendo la kwanza ariya na wana kanuni zake ndefu. Sura ya Al-Maaun inawalaumu wanaowanyima wenzao vitu vidogo vya matumizi, na wafasiri wengi wamevitolea mifano ya chungu, shoka na ndoo. Ninayataja haya kwa sababu kuazima hakukuwa wema wa ziada juu ya umiliki. Kulikuwa alama ya umiliki wenyewe. Mwenye shoka anaweza kuliazima, na mpangaji hana nyumba ya kumwazima mtu. Ukitaka kujua kama kitu ni chako, jiulize kama unaweza kumpa rafiki akitumie leo na akurudishie kesho bila kuomba ruhusa ya aliyekuuzia.

Swali hilo liliwahi kufika mbele ya Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Mwaka 1904 kampuni ya Bobbs-Merrill ilichapisha riwaya iitwayo The Castaway na kuweka ndani yake onyo kwamba hakuna muuzaji anayeruhusiwa kuiuza chini ya dola moja. Duka la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89. Mchapishaji akashtaki, na mwaka 1908 akashindwa. Mahakama ilisema kwamba haki ya mwenye hakimiliki juu ya nakala huisha anapoiuza mara ya kwanza, na kuanzia hapo nakala ni ya aliyeinunua. Soko la vitabu vya mitumba na desturi ya kumpa rafiki riwaya uliyokwisha kuisoma zimekaa salama nchini humo chini ya kivuli cha kanuni hiyo. Mnamo Machi 2013 mahakama hiyo hiyo ilimtetea Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyesoma Chuo Kikuu cha Cornell, ambaye ndugu na marafiki walimnunulia vitabu vya kiada kwao kwa bei nafuu naye akavirudisha sokoni Marekani. Mchapishaji alidai kwamba kanuni ya 1908 haivihusu vitabu vilivyochapwa ng'ambo. Majaji sita kati ya tisa walikataa.

Miezi miwili tu baada ya hukumu hiyo, Microsoft ilitangaza Xbox One. Mashine ilitakiwa kuwasiliana na kampuni angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu zisichezeke. Diski uliyoinunua ungeruhusiwa kumpa rafiki, lakini mara moja tu, na rafiki huyo awe amekaa katika orodha yako ya marafiki wa mtandaoni kwa siku zisizopungua 30. Ninawasomea wanafunzi wangu wa sera sharti hili kila ninapopata nafasi. Si kawaida kuona kampuni ikiweka kipindi cha majaribio cha urafiki.

Kilichofuata kinajulikana na wapenzi wote wa gemu. Mwezi Juni, Sony ilitoa video fupi ya kuelekeza jinsi ya kushirikiana gemu za PlayStation 4: Adam Boyes anampa Shuhei Yoshida kasha la diski mkononi, Yoshida anashukuru, na video inakwisha. Ukumbi wa dunia ulicheka na kushangilia. Tarehe 19 Juni 2013 Microsoft ikarudi nyuma na kuyafuta masharti yale. Pamoja nayo ilifuta pia mpango wa kushirikiana maktaba ya kidijitali na watu hadi kumi wa familia, mpango ambao ungekuwa na faida kwa wengi.

Tulidhani umma umeshinda. Mwaka 2020 zikaja PlayStation 5 ya kidijitali na Xbox Series S, mashine zisizo na tundu la diski, kwa bei ndogo kuliko wenzao wenye tundu. Mwaka 2024 ikaja PlayStation 5 Pro, iliyo ghali kuliko zote za ukoo huo, nayo tundu la diski linanunuliwa peke yake. Hapakuwa na tangazo la kukataza kuazimana. Kiliondolewa tu kile kipande cha plastiki kilichokuwa kikiazimwa. Wanaharakati wanaofuatilia siasa zetu watautambua mtindo huu: jambo lililokataliwa likipita mlangoni hurudi likiwa punguzo la bei.

Hata ushirikiano uliobaki ndani ya akaunti hauna dhamana. Enzi za PlayStation 3 akaunti moja iliweza kufanya kazi katika mashine tano. Novemba 2011 Sony ikaipunguza idadi hiyo hadi mbili. Hakuna bunge lililokaa, hakuna mnunuzi aliyeulizwa. Mwenye nyumba anaweza kumwambia mpangaji asilaze wageni, na mpangaji, kama hakusoma vizuri mkataba wake, hana pa kulalamikia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, nao walikuwa wakimzungumzia mtu anayejua kwamba kaazima. Huyu wa kwetu ana risiti yenye neno linalosema amenunua.

Neno hilo ndilo Wafaransa walilipeleka mahakamani. Chama cha kutetea watumiaji cha UFC-Que Choisir kilishtaki Valve, wenye duka la Steam, kikidai kwamba mnunuzi wa gemu ya kidijitali ana haki ya kuiuza tena. Kilikuwa na msingi: mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imeamua, katika shauri la UsedSoft na Oracle, kwamba programu iliyopakuliwa kwa leseni isiyo na kikomo cha muda imeuzwa, na aliyeinunua anaweza kuiuza. Septemba 2019 mahakama ya Paris ikakubaliana na chama. Oktoba 2022 mahakama ya rufaa ikatengua, na Oktoba 2024 mahakama ya juu ya Ufaransa ikauthibitisha utenguzi huo. Hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba gemu si programu tu, ni kazi changamano yenye picha, muziki na hadithi. Na kwamba nakala ya kidijitali haichakai, hivyo soko la mitumba lingeua soko la vitu vipya.

Hoja ya kutochakaa siidharau. Kitabu kilichosomwa na watu kumi kina kurasa zilizolegea na madoa ya chai, na kasoro hizo zilimlinda mwandishi bila yeye kujua. Hata hivyo hoja hiyo inahusu kuuza, na kuazima ni jambo jingine. Anayeazima hajapunguza idadi ya wanaotamani kumiliki, ameacha kutumia chake kwa muda tu. Majaji waliulizwa juu ya kuuza wakajibu juu ya kuuza, na kampuni zikaufurahia ukimya uliobaki.

Hapa ni haki niseme neno upande wa pili, maana vijana wetu hupenda kuliruka. Mpango wa kubadilishana makazi ya akaunti huzidi kuazimana kwa hatua moja: marafiki wote wawili wanaweza kucheza gemu hiyo hiyo kwa wakati mmoja, wamelipa bei moja. Diski haikuwahi kufanya hivyo. Ukimwazima mwenzio diski, wewe hukai na chochote isipokuwa kasha. Kwa kampuni yenye mabilioni tofauti hii ni tone, lakini si zote ni kampuni za mabilioni. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa gemu yake ya Aurion mwaka 2016 baada ya kuhangaika kwa miaka kutafuta mtaji. Kwa watengenezaji wa aina hiyo kila nakala inayouzwa ina maana, na siwezi kuwashangilia watu wawili wakicheza kwa bei ya mmoja na papo hapo kulalamika kwamba Afrika haina tasnia ya gemu.

Ninachokitetea, basi, ni kuazima kwa maana yake ya asili: nakala moja, mtumiaji mmoja kwa wakati mmoja, na mnunuzi ndiye anayemchagua wa kumwazima. Kwamba jambo hili linawezekana kiufundi si nadharia tena. Tangu Aprili 2025 Nintendo ina kadi pepe za gemu kwa mashine zake za Switch. Mwenye gemu huweza kumwazima mwingine kwa siku 14. Muda huo yeye mwenyewe hawezi kuicheza, na siku zikiisha kadi hurudi yenyewe. Ni ariya kamili, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta. Kikwazo ni kimoja: anayeazimwa lazima awe katika kundi lako la familia, lenye watu wasiozidi wanane.

Neno familia limekuwa forodha mpya. Steam nao, tangu 2024, wana utaratibu wa familia ya watu wasiozidi sita, ambao kampuni inataka wawe wa nyumba moja. Mtu mzima akijiondoa hawezi kujiunga na familia nyingine mpaka utimie mwaka mmoja tangu alipojiunga na ile ya kwanza. Mmoja akikamatwa akicheza kwa udanganyifu katika gemu yako, nawe unaweza kufungiwa gemu hiyo. Nani aliyeitafsiri familia hivi? Katika nyumba nilizozifahamu mimi, familia ina mtoto wa mjomba anayesoma Mwanza, binamu aliyehamia Muscat, na rafiki aliyekuja kulala siku moja akakaa miaka mitatu. Kampuni imeazima ramani ya nyumba ya baba, mama na watoto wawili wa vitongoji vya Marekani, ikaifanya kipimo cha nani anastahili kushirikiana na nani. Sidai kwamba ilidhamiria dharau. Mwandishi wa kanuni huandika dunia anayoiona dirishani kwake, na ndiyo sababu kanuni za namna hii hazitakiwi kuandikwa na dirisha moja.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna tatizo jingine lililo chini ya hili. Mwezi Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti za mtandao wa PlayStation, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako mtandao huo haukuwa na huduma rasmi. Tanzania na Kenya zilikuwamo, pamoja na karibu Afrika nzima. Lakini PlayStation zimejaa mitaani kwetu. Nenda kibanda chochote cha gemu uone vijana wanavyosubiri zamu ya pedi. Maana yake ni kwamba akaunti nyingi za vijana wetu zimesajiliwa kwa anwani za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na kadi za malipo za huko hununuliwa kwa watu wa kati. Mnunuzi wa namna hii amevunja masharti kabla hajacheza dakika moja. Akidhulumiwa hawezi kujitokeza, kwa kuwa kwa mujibu wa makaratasi yeye haishi anakoishi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Sheria zote mbili ni nzuri kwa mtu anayeweza kutaja anwani yake halisi.

Mtumishi wa umma anayesoma hapa huenda anajiuliza kwa nini nampotezea muda kwa michezo ya vijana. Ninaichukua gemu kama maabara. Yanayojaribiwa kwa vijana wenye pedi huhamia katika ofisi na maktaba bila kelele. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka katika vifaa vya Kindle vya wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Shamba la Wanyama, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu viliondoka usiku wakiwa wamelala. Mwaka 2011 mchapishaji HarperCollins aliamua kwamba kitabu cha kielektroniki kinachouzwa kwa maktaba za Marekani kiazimwe mara 26, kisha kife na maktaba inunue kingine. Kitabu cha karatasi katika maktaba yoyote ya chuo chetu kingepewa uhai wa mara 26, rafu zetu zingekuwa tupu kabla ya wahitimu wa kwanza kuvaa joho. Na ofisi ya umma inayohifadhi kumbukumbu zake katika programu ya kulipia kila mwaka ijiulize nani anashika funguo ikiwa bajeti imechelewa.

Ubisoft walifunga seva za The Crew mwishoni mwa Machi 2024, gemu ya magari iliyotoka 2014, kisha wakaiondoa katika akaunti za walioinunua. Hata wenye diski walibaki na plastiki. Hasira iliyofuata ilizaa vuguvugu liitwalo Stop Killing Games lililoanzishwa na Ross Scott, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita saini milioni moja. Jimbo la California nalo lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno linalomaanisha kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni. Ninaiheshimu sheria hiyo kwa ukweli wake. Ila ukweli wake ni wa daktari anayekutajia jina la ugonjwa kisha akakufungulia mlango uende.

Kwa marafiki wanaobadilishana akaunti sasa hivi, nina neno la kawaida tu la mtu aliyewazidi umri. Akaunti hiyo hubeba barua pepe yako, pengine na kadi yako ya malipo, na kila gemu uliyowahi kuilipia. Usimpe neno la siri. Nenda mwenyewe uingie kwenye mashine yake, uweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu yako, na ufute kadi ya malipo kabla. Watu wanaouza mtandaoni nafasi katika akaunti zao kwa wageni waepukwe kabisa. Hao si marafiki, na siku akaunti ikifungwa hakuna wa kumdai. Ikumbukwe pia kwamba mashine haijui ugomvi wa wapangaji wa chumba kimoja. Nimeona uhusiano wa miaka ukivunjika, na baada ya kuvunjika mmoja akabaki na makazi ya akaunti ya mwenzake ndani ya mashine aliyohama nayo.

Kwa wale wenye kalamu za kutunga sheria, ombi langu ni mahususi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, ya Kenya ni ya 2001, na zote mbili zilizaliwa wakati kazi ya sanaa bado ilikuwa na mwili wa karatasi, kanda au diski. Zitakapofunguliwa tena kwa marekebisho, kiongezwe kifungu kimoja: mtu aliyelipia kazi ya kidijitali bila kikomo cha muda aweze kumwazima mtu mwingine amtakaye, mradi yeye mwenyewe asiitumie katika muda huo, na sharti lolote la mkataba linalomnyima haki hiyo liwe batili. Anayeuza kwa muda aseme amekodisha, na bei yake iwe ya kukodisha. Zitakuja hoja kwamba mifumo haiwezi. Waliozileta waonyeshwe kadi pepe za Nintendo na zile siku 14, kisha waulizwe ni kazi ya saa ngapi kwa mhandisi mmoja kuliondoa neno familia.